Taka za Jua

Mjukuu wangu Rehema yuko kwangu anamaliza arobaini ya mtoto wake wa kwanza, Amina, na chumba nilichowapa kina taa ya LED. Fundi Hoza ndiye aliyetufungia, yeye na sola yake. Kibalbu chenyewe hakizidi limau, lakini mwanga wake unachoma jicho kama sindano. Nyie wenzangu wa rika langu tuliokulia koroboi mnajua tulikotoka: taa ilitoa moshi kuliko mwanga, ukiamka pua nyeusi. Hii haina moshi wala joto, nami siisemi vibaya. Ila mtoto akilazwa chali anakunja uso na kugeukia ukutani, na mama yake anakosa raha.

Rehema akaanza kuhangaika. Alifunika balbu kwa kanga, chumba kikawa chekundu kama ndani ya nyanya. Alifunga mfuko mweupe wa sukari, mwanga ukabaki palepale katikati kama kidonda, pembeni giza. Alikata dumu la mafuta ya kula akaivisha taa kama kofia. Hapo kukawa na nafuu kidogo, lakini ukitazama bado unakiona kile kitone kinachochoma.

"Bibi, njoo. Taa imenishinda," akaniita.

"Umeibana mno," nikamwambia. "Usigandishe kitu kwenye taa. Kiweke mbali nayo, kama shibiri hivi. Na usiweke kizito kimoja, weka vyepesi viwili, cha kwanza kiachane na cha pili."

"Ehe. Na hayo umesomea wapi, Bibi, wewe uliyekutana na umeme uzeeni?"

"Lete karatasi, acha maneno."

Akaleta karatasi ile ya kutandika kwenye chombo cha keki, iliyokwisha tumika mara moja. Nilipoikunja ili niikate ikachakarika mkononi, na harufu ya siagi ikanipanda puani. Ikabidi nikae kitandani kwanza. Rehema alidhani ni presha.

Harufu ile naijua kutoka Kwai, kijijini nilikokulia. Baba yangu, Athumani, alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, katika chumba cha siagi. Siagi ilifungwa kwa karatasi nyeupe inayopitisha mwanga bila kukuonyesha kilicho upande wa pili, na zile zilizochanika aliruhusiwa kuja nazo nyumbani. Kwetu hazikutupwa. Zilifunika maziwa, zilifungia sukari, na asubuhi za baridi mama alitusugua nazo usoni mpaka mashavu yakang'aa, tukaenda shule tunanuka siagi ambayo hatujaila.

Sisi wenyewe tulikuwa na ng'ombe mmoja, jina lake Sikujua. Kila alfajiri mama, Mwanaidi binti Shekalaghe, alimkama, kisha akayachuja maziwa kwa kitambaa cha merikani, nami nikashika pembe mbili za kitambaa. Maziwa yalishuka, juu yakabaki manyoya, vipande vya majani, siku nyingine kupe. Mama alikuwa mkali sana juu ya kitambaa hicho. Lazima kifuliwe kila siku kwa maji ya moto na kuanikwa, maana kikilala na taka zake, maziwa ya kesho yataharibika hata kama ng'ombe ni mzima. Hilo nililijua kabla sijamaliza kung'oa meno ya mbele, na ndilo lililoniponza.

Mwaka huo surua iliingia kwetu msimu wa baridi. Mimi ilikuwa imenipitia zamani. Ikamshika mdogo wangu Zaina, aliyekuwa hajaanza shule. Ilimtoka mwili mzima, kinywa kikawa na vidonda, na macho yakavimba yakashikana kwa usaha, mama akawa anayafungua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Yakifunguka tu, mwanga unamchoma, analia.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, tundu la mraba linaloelekea jua linakotoka, lenye kibao cha kufungia na halina kioo. Shangazi Mwantumu, dada yake baba, alikuja siku ya kwanza kabisa na akasema bila kuzunguka.

"Wifi, funga kibao, utundike na gunia juu yake. Surua haitaki mwanga."

"Nikifunga nitamwonaje?" mama akauliza. "Humo gizani nitajuaje kama macho yanapona au yanaoza?"

"Yakioza utajua kwa harufu."

"Sitaki kujua kwa harufu."

Basi mama akafanya kazi yake ya ajabu. Alichukua karatasi za siagi, akazishona tatu kwa pamoja, akazibana kwenye tundu la dirisha. Mwanga ukapungua ukali, lakini asubuhi jua likipiga moja kwa moja karatasi iliwaka ikawa jua la pili. Akakata kipande cha merikani kutoka jora lilelile la kitambaa cha maziwa, akakitundika kwa ndani kwenye vijiti viwili, mbali na karatasi kadiri ya mkono wangu kutoka kiganja mpaka kiwiko. Hapo chumba kikabadilika. Hukuweza kusema mwanga unatoka wapi. Ulikuwa umeenea tu, mweupe, ukutani, kitandani, chini ya kitanda, na hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Zaina akaacha kulia.

Nikakabidhiwa dirisha. Asubuhi karatasi na kitambaa vyote vinakaa. Jua likipanda juu ya paa nashusha kitambaa, karatasi inabaki. Siku ya ukungu mzito, na kwetu nyingi zilikuwa hizo, kitambaa hakipandi kabisa. Mama hakunieleza kwa nini, na mimi sikuuliza kwa sababu niliona ninajua. Nilikuwa nashika kitambaa cha maziwa kila siku. Hiki ni merikani ileile, kutoka jora lilelile, na mama amekiweka jua lipite humo. Kwa hiyo jua nalo lina taka. Zile taka ndizo zinazochoma macho ya Zaina, na kitambaa kinazizuia zisishuke.

Kila nilipokishusha nilikikagua. Siku ya kwanza niliona vumbi la kijivu na mbu mmoja mfu. Nikatosheka. Hizo hapo.

Zikapita siku kumi. Uvimbe ukashuka, macho ya Zaina yakawa yanafunguka yenyewe, mekundu, yanatiririka. Mama akawa anamwinamia kila asubuhi na swali moja.

"Zaina, mwanangu, unaona nini?"

"Ukungu," Zaina anajibu.

"Humwoni mama?"

"Naona ukungu tu."

Mama anamfunika vizuri, anatoka nje, anakaa kwenye jiwe la kunolea majembe. Nilimwona mara mbili akikaa pale bila kunoa chochote.

Kitu ambacho sisi wote tulikiogopa kilikuwa kinaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwanahawa, binti wa Shangazi Mwantumu, alikuwa msichana mkubwa wakati huo, na alikuwa kipofu. Surua ndiyo iliyompofusha akiwa na umri wa Zaina. Alijua kupukuchua mahindi upesi kuliko yeyote, na alitutambua kwa nyayo, lakini mwisho wa njia yake ulikuwa uani kwao. Shangazi hakuwahi kujisamehe. Aliamini alichelewa kumtia dawa ya macho, kwamba angemtia siku tatu kabla angepona. Dawa hiyo ni maji ya majani fulani, sitayataja, maana hata leo yupo anayeyachuma. Yanawasha kama pilipili.

"Ukungu huo ni wa ndani ya jicho," Shangazi alimwambia mama, nami nikiwa mlangoni. "Mwanahawa wangu alianza hivihivi. Mimi nililala, Mwanaidi. Usilale na wewe."

"Wifi, yale majani yanaunguza hata mkono."

"Kinachouma ndicho kinachoponya."

Mwisho mama akamwomba ampe siku moja, aende Gare kwenye zahanati ya misheni kuomba dawa ya macho. "Nikirudi mikono mitupu, basi fanya."

"Nenda. Ila nakwambia, kesho jua likikausha umande kabla hujatokea, namtia. Sitangoja tena mtoto aishe mbele yangu."

Mama hakukubali wala hakukataa. Alfajiri akajifunga kanga mbili, akatoka. Kutoka Kwai mpaka Gare kwa miguu, na vilima vile, hata mimi nilijua hawezi kuwahi kurudi.

Asubuhi ile, kinyume na desturi, hakukuwa na ukungu. Jua lilitoka kali. Nilipandisha kitambaa mapema, na Shangazi akakaa jikoni na kinu kidogo. Nilimsikia akitwanga. Zaina naye alisikia.

"Dija," akaniita. "Itauma?"

"Nini?"

"Ile anayotwanga Shangazi."

Nilitaka kumwambia hapana. Nikashindwa kudanganya, nikamwambia alale.

Nikasimama nikatazama kitambaa. Kilikuwa kimegeuka rangi, kimekuwa cha manjano kidogo kwa jua na moshi, na karatasi za siagi zimeshika vumbi kwa yale mafuta yake. Siku kumi na moja. Siku kumi na moja hakuna aliyekifua. Maziwa yangekuwa yameoza mara kumi na moja. Hakika kitambaa kimejaa, hakizuii tena, taka zote za jua zinashuka machoni mwa Zaina, ndiyo maana haoni. Na kazi ya dirisha ni yangu.

Sikumwambia mtu. Nilishusha kitambaa, nikabandua na karatasi nizipanguse. Sikuwa mjinga kiasi cha kuacha tundu wazi. Nikatoka nje nikachukua ungo wa mama, ule wa zamani ulioanza kulegea ukindu wake, nikaukingamiza dirishani na kuuegemeza kwa fimbo. Kisha nikakimbilia mfereji wa nyuma ya nyumba. Nilikifikicha kitambaa mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, nami nikafurahi sana kuyaona.

Nilipokuwa nakikamua, Shangazi aliita. Nikarudi mbio, kitambaa kinachuruzika. Alikuwa mlangoni mwa chumba na bakuli mkononi, maji ya kijani ndani yake, na uso wake umebadilika kwa hasira.

"Nani kakutuma kufungua dirisha? We Dija, nani kakutuma? Mama yako kaondoka saa ngapi hata umeshaanza kumuua mwenzio?"

"Nilifunika na ungo, Shangazi."

"Ungo unafunika nini? Tazama. Tazama."

Nikatazama. Jua lilikuwa limepita kwenye vitundu vyote vya ungo, na chumba kizima kilikuwa kimejaa vitone vya mwanga, vya mviringo, vidogo, vikali. Ukutani, sakafuni, na kwenye blanketi la Zaina tele. Shangazi akaweka bakuli chini ili ampakate, amshike kichwa. Akaniambia nishike miguu. Nilikuwa nimekwisha iinamia miguu, Mungu anisamehe, maana mtoto wa siku zile hakukataa neno la shangazi.

Zaina alikuwa amekunja macho, machozi yanamtoka. Lakini mkono wake ulikuwa umetoka ndani ya blanketi. Unagusa kitone kimoja, unabana vidole viwili, unainua. Unagusa cha pili. Unabana, unainua.

"Unafanya nini?" Shangazi akamuuliza.

"Mahindi," Zaina akasema. "Dija kanimwagia mahindi."

Alikuwa anayaokota. Punje moja moja. Na hakukosea hata moja.

Shangazi alinitazama, akamtazama tena. Alinyanyuka, akatoka nje akazunguka mpaka dirishani, na tukaona kivuli cha kiganja chake kikipita juu ya ungo. Nusu ya vitone ikazimika.

"Na sasa?" sauti yake ikatoka nje.

"Umezoa upande wa mlango," Zaina akajibu.

Kiganja kikahama.

"Na sasa?"

"Umezoa huku kwenye miguu. Shangazi, usiyamalize."

Akarudia mara nyingi, mara juu, mara chini, mara mikono yote miwili, na kila mara Zaina alisema kweli. Mwisho kukawa kimya, nikadhani ameondoka. Nilipochungulia nje alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa nyumba yetu, mikono imening'inia.

Aliporudi ndani alichukua bakuli akalimwaga kwenye majivu ya jikoni. Akakitundika kile kitambaa kibichi kwa mikono yake mwenyewe, akazibana karatasi, na chumba kikarudia weupe wake.

"Unaona nini sasa?" akamuuliza Zaina.

"Ukungu."

Mama alifika jua linaelekea magharibi, miguu imejaa vumbi, ana kichupa kidogo cha mafuta ya macho kilichofungwa kwenye pindo la kanga. Alinusa hewa mlangoni kutafuta harufu ya yale majani kabla hajathubutu kuuliza. Shangazi akamweleza. Alimweleza kwa kifupi, habari ya ungo na ya mahindi, wala hakuongeza kwamba mimi nilikosea. Nikasema mwenyewe. Nikamwambia mama nilifua kitambaa kwa sababu kilikuwa kimejaa taka za jua.

"Taka za jua," mama akarudia. Hakucheka wala hakunigombeza.

Alivua kanga ya juu, akapanda kitandani, akalala chali ubavuni mwa Zaina, kichwa kwenye mto mmoja. Siku zote zile alikuwa akimwinamia kutoka juu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala pale alipolala Zaina na kutazama alichokuwa akitazama. Alikaa hivyo kidogo.

"Wifi," akasema, "ni ukungu kweli. Hapa huoni dirisha, huoni pembe ya ukuta. Mtoto alikuwa anatuambia kilichopo. Na mimi nikiinama namzibia hata huo mwanga kidogo, ataniona vipi?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe.

"Mwanahawa aliniambia anaona giza. Kila nikimuuliza, giza, mama, giza. Nami nilikuwa nimefunga kibao na kutundika gunia. Mchana kweupe ndani mle usingeona mkono wako. Ndipo nikamtia yale majani."

Mama alishuka kitandani. Alimshika wifi yake mabega, akakaa naye chini, kigoda kikabaki kitupu. "Hukujua, Mwantumu. Nani angejua? Labda yalikuwa yameshaharibika. Hilo hatutalijua."

"Ndilo hilo. Hatutalijua."

Walikaa hivyo mpaka baba akarudi kutoka kazini. Baadaye mama akanijazia kibuyu cha maziwa ya Sikujua, akaniambia nimsindikize Shangazi kwake. "Asirudi peke yake," alisema, ingawa ni nyumba ya tatu tu. Njiani kibuyu alikibeba yeye.

Mwanahawa alikuwa uani na ungo wa maharage magotini. Alitusikia kabla hatujafika.

"Shikamoo mama. Dija, ni wewe? Zaina vipi, anaona?"

Nilimtazama Shangazi nijue kama niseme. Alikuwa anatazama chini.

"Anaona," nikasema. "Kaokota jua kwenye blanketi akidhani ni mahindi."

Mwanahawa alicheka mpaka maharage yakamwagika. Akataka nimwambie tena, tangu mwanzo, ungo uliuwekaje, mkono wake ulibana vipi, alisema nini hasa. Nikamwambia. Akacheka palepale alipocheka mwanzo, akaomba tena. Shangazi alikuwa bado amesimama mlangoni na kibuyu. Nilipoanza mara ya tatu alikuja akakaa chini na sisi, akauchukua mkono wa mwanawe akauweka mapajani mwake, akasikiliza mpaka mwisho.